Mama amepata kiharusi: fiziotherapia itamrudishia nini?

Swali: Shikamoo. Tuko Morogoro, mama yangu ana miaka 61. Miezi miwili iliyopita alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Alilazwa, akaruhusiwa, na sasa anaweza kukaa, akishikwa anasimama, lakini mkono bado umelegea. Karatasi ya hospitali inasema aende fiziotherapia mara mbili kwa wiki. Tulikwenda mara chache tukaacha, maana inabidi kukodi bajaji kwenda na kurudi, na tukifika tunaona anainuliwa na kukalishwa tu. Shangazi anamchua nyumbani kila jioni kwa mafuta ya nazi. Mama mwenyewe analia kwamba hawezi kwenda chooni wala kuvaa bila mtu. Je, fiziotherapia ina faida gani hasa kwenye maisha yake ya kila siku, au tunapoteza nauli?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuuguza. Wagonjwa wa kiharusi ndio wengi kuliko wote ninaowahudumia, na swali lako naulizwa na familia nyingi. Hampotezi nauli, mradi mjue mnakwenda kuchukua nini pale. Nauli inapotea pale mgonjwa anapofanya mazoezi siku ya kliniki tu, kisha siku zote zilizobaki anakaa kwenye kochi akisubiri tarehe nyingine.

Unasema mkifika mnaona mama anainuliwa na kukalishwa tu, halafu unasema mama analia kwa sababu hawezi kwenda chooni mwenyewe. Mambo hayo mawili ni jambo moja. Mtu asiyeweza kunyanyuka kwenye kiti kwa nguvu zake hawezi kutoka kitandani, hawezi kukaa chooni na kuinuka, hawezi kupanda bajaji, hawezi hata kusogea pembeni apishe mtu. Shughuli hizo zote zinaanzia kwenye tendo lile mliloliona dogo. Mtaalamu wenu alianza na kile kile ambacho mama anakililia, ila nadhani hakuwaeleza kwa nini, na hapo mlikuwa na haki ya kukata tamaa.

Kiharusi hakikuupiga mguu wala mkono wa mama. Kimepiga ubongo, ama kwa damu kuganda na kuziba mshipa, ama kwa mshipa kupasuka. Misuli ya upande wa kulia ipo, ila amri ya kuifanyisha kazi haifiki. Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi. Lakini sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kuchukua baadhi ya kazi zake, nazo hujifunza pale mgonjwa mwenyewe anapojaribu kufanya tendo fulani, akalirudia, kesho akalirudia tena. Ndiyo maana nasema fiziotherapia ni kufundishwa upya kuinuka, kutembea, kushika na kujigeuza kitandani. Anayefanya kazi kubwa ni mgonjwa. Mtaalamu anachagua zoezi, anarekebisha mkao, anajua lini aongeze ugumu na lini apunguze.

Kuhusu shangazi: msimkataze, ila mumwelekeze. Kuchua kwa upole kunampunguzia mama mkazo na kunamfariji, na mgonjwa anahitaji faraja. Lakini wakati anachuliwa, mama amelala na ubongo wake haujifunzi lolote. Hakuna mtu aliyejua kuendesha baiskeli kwa kuchuliwa miguu. Na kuna mambo matatu ya kuangalia. Msimkande kwa maji ya moto upande wa kulia, kwa sababu huenda hisia zimepungua na ataungua bila kujua. Msivute wala kulazimisha bega. Na mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye misuli ya nyuma chini ya goti, ukawa wa moto, msiuguse kwa kuchua hata kidogo. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, na donge lile likiachia linakwenda kwenye mapafu. Hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Sasa kwa nini nasisitiza nyumbani. Mwaka 2009 watafiti walichapisha hesabu waliyoifanya kwenye vikao vya tiba vya wagonjwa wa kiharusi huko Marekani na Kanada, wakihesabu mgonjwa anarudia tendo mara ngapi. Kwenye vikao vya mkono walikuta wastani wa marudio 32 tu ya matendo yenye maana. Hizo ni nchi zenye vifaa na wataalamu wengi. Kama kikao kizima kinatoa marudio 32, na mama anakwenda mara mbili kwa wiki, ni wazi kwamba kikao peke yake hakitoshi. Kinachobaki lazima kifanyike sebuleni kwenu.

Usije ukadhani mnakosa tiba kwa sababu hakuna mashine kubwa. Mwaka 2011 utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliohusisha wagonjwa 408, ulilinganisha mazoezi ya kutembea kwenye mkanda wa mashine, mgonjwa akiwa amening'inizwa kwa mikanda, na mazoezi ya kawaida ya nguvu na usawa yaliyofanywa nyumbani mtaalamu akimfuata mgonjwa huko. Mwaka mmoja baada ya kiharusi, mashine haikuwazidi wale wa nyumbani. Katika makundi yote, zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamepanda daraja katika uwezo wao wa kutembea.

Lakini kuna upande wa pili, na ninauleta kwa sababu familia nyingi zikisikia habari hiyo zinasema basi, tutafanya wenyewe. Nchini India, kwenye hospitali 14 na wagonjwa 1,250, ndugu walifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi na wakaendelea naye nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 2017, na wagonjwa hao hawakuwa na nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Mimi ninavyouelewa utafiti huo, mafunzo ya mwanzo hayatoshi kama hakuna jicho la mtaalamu linalorudi kukagua. Mgonjwa hubadilika. Zoezi lililomfaa leo, baada ya wiki tatu ni jepesi mno na halimfundishi kitu, au amepata njia ya mkato ya kulifanya kwa mguu mzima peke yake huku ule dhaifu ukilala. Ndugu haoni hilo, mtaalamu analiona akiwa bado mlangoni.

Kwa hiyo pendekezo langu kuhusu nauli ni hili. Rudini kliniki, mumweleze mtaalamu wazi kwamba uwezo wenu ni kuja mara moja kwa wiki, au hata mara moja kila wiki mbili. Usione aibu. Mwombe apange mazoezi ya nyumbani, akufundishe wewe mbele yake huku unafanya kwa mikono yako, kisha umrekodi mama kwa simu akifanya vizuri. Kila mnaporudi, mwonyeshe video za wiki hiyo. Muulize pia kama kuna mtaalamu anayefika majumbani, na kama mama ana bima, ulizeni inalipia nini kabla hamjatoa fedha mfukoni.

Wakati mnasubiri, zoezi la kuinuka mnaweza kuliendeleza, kwa kuwa tayari anasimama akishikwa. Nitakueleza linavyofanywa, maana wengi hulikosea.

Tafuta kiti kigumu, chenye miguu minne imara, ukiegemeze ukutani kisirudi nyuma. Kochi la chini lililobonyea halifai, kwanza ni gumu kulitoka hata kwa mtu mzima wa afya. Kama kiti ni kifupi, weka blanketi lililokunjwa vizuri kikae juu kidogo, na kadiri anavyopata nguvu utalipunguza. Mama asogee mbele, asikae ameegemea. Nyayo zote mbili chini, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti. Mguu wa kulia, ule dhaifu, uwe nyuma kidogo kuliko wa kushoto, kwa sababu mguu wa nyuma ndio unaobeba uzito zaidi wakati wa kuinuka, na sisi tunataka ubebe. Mkono wa kushoto ushike ule wa kulia, mikono yote inyooshwe mbele. Ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Hapa ndipo wagonjwa wengi huogopa, wanavuta mgongo nyuma, na matokeo yake wanarudi kitini. Akishainama vya kutosha, makalio yanapanda karibu yenyewe, naye anasukuma kwa miguu mpaka anasimama wima.

Wewe kaa au simama upande wake wa kulia. Goti lako lizuie goti lake lisijikunje ghafla, na mkono wako uwe kiunoni mwake. Usimnyanyue kwa kwapa, na usimvute mkono. Akisimama, ahesabu mpaka tano, kisha akae polepole. Kukaa polepole nako ni zoezi, kwa hiyo usimwache ajitupe. Aanze na mara tano, apumzike, arudie, asubuhi, mchana na jioni. Akiona tano ni rahisi, zifike nane, kumi. Na kila anapoinuka kwa sababu nyingine yoyote, kula, kwenda kuoga, kupokea mgeni, ainuke kwa namna hiyo hiyo. Usimharakishe kumnyanyua kwa kuwa ni haraka zaidi. Najua umechoka na kazi ni nyingi, lakini kila unapomnyanyua wewe, yeye amekosa zoezi. Mgongo wako nao utakushukuru. Nimetibu mabinti wengi waliopata maumivu ya mgongo kwa kuwainua mama zao.

Mkono unahitaji uangalifu wa aina yake. Misuli inayolishikilia bega imelegea, kwa hiyo mkono ukining'inia muda mrefu mfupa unashuka kutoka mahali pake, na akivutwa hapo maumivu yanayokuja hayamwachi alale. Akikaa, mkono uwe juu ya mto au meza. Akilala ubavu, usiwe chini ya mwili. Mwambieni kila anayekuja kumjulia hali asimsalimie kwa kuuvuta mkono ule.

Kisha uingizwe kazini mapema hata kama hauna nguvu. Akae mezani, mikono yote miwili juu ya kitambaa, afute meza mbele na nyuma. Akichambua mchele, sinia likae limeshikiliwa na mkono wa kulia, hata kama ni kwa uzito wake tu. Akunje kanga kwa mikono yote miwili. Vidole vikianza kufunguka, mpe vitu vyepesi vya kushika na kuachia: kikombe cha plastiki kitupu, limau, vifuniko vya chupa. Kuachia ni kugumu kuliko kushika, usishangae. Hapo mwambie mtaalamu, kwa sababu kuna njia ya kumzuia mgonjwa kutumia mkono mzima kwa saa nyingi za mchana ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Ilipimwa Marekani kwa watu 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi, matokeo yakatoka 2006, nayo ilisaidia. Lakini inafaa tu kwa mtu ambaye kiganja na vidole vimeshaanza kujinyanyua, na iongozwe na mtaalamu. Msijifungie mkono wenyewe nyumbani, ataanguka.

Sitakuahidi kwamba mkono utarudi kama zamani. Kwa wagonjwa wengi mguu hutangulia na mkono huchelewa, na wapo ambao mkono hubaki wa kusaidia tu. Hata huo wa kusaidia una thamani. Mkono unaoweza kushikilia bakuli huku ule mwingine unakoroga, au kubana nguo mwilini huku ule mwingine unafunga, unampa mama nusu ya jiko lake na nusu ya kabati lake.

Kuvaa anaweza kuanza kujifunza wiki hii. Avae akiwa amekaa, kwenye kile kiti. Mkono dhaifu uingie kwanza kwenye nguo, mpaka juu ya kiwiko, ndipo kichwa, ndipo mkono mzima. Kuvua ni kinyume, mkono mzima utoke kwanza. Dera pana linamfaa kuliko blauzi yenye vifungo. Mara ya kwanza atatumia muda mrefu na pengine atakasirika. Mwache amalize, msaidie pale tu anapokwama.

Choo. Kama chenu ni cha kuchuchumaa, mpelekee fundi seremala vipimo akutengenezee kiti cha mbao chenye tundu, miguu mipana isiyoyumba, kimo sawa na kile kiti cha mazoezi. Ukutani upande wake wa kushoto akiwa amekaa, kwenye mkono wake wenye nguvu, fundi afunge bomba au ubao imara wa kushika. Aliyezoea kuinuka na kukaa mara nyingi kwa siku, akiwekewa kiti hicho, anakwenda chooni na mtu akimsubiri nje ya mlango. Taa ya usiku iwepo, mikeka na mazulia yanayoteleza yaondolewe njiani, na ndala zibadilishwe na viatu vyenye mkanda wa nyuma.

Fimbo ya kutembelea inashikwa mkono mzima, yaani wa kushoto. Akianza kutembea mkaona vidole vya mguu wa kulia vinaburuza chini, muulize mtaalamu kuhusu kifaa cha plastiki kinachoshikilia kifundo na unyayo visidondoke. Kinatengenezwa kwa vipimo vya mguu wake. Mafundi wa vifaa hivi wanasomeshwa hapa hapa nchini, kwenye chuo cha TATCOT kule hospitali ya KCMC, Moshi, kwa hiyo hospitali ya mkoa itajua pa kumwelekeza.

Mmechelewa? Hapana, lakini msiendelee kukaa. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ubongo unajirekebisha kwa kasi kubwa, na kasi hiyo hupungua kadiri miezi inavyosogea. Baada ya nusu mwaka bado watu wanapata uwezo mpya, ila kwa jasho zaidi. Mama yuko mwezi wa pili. Wiki hizi ni za thamani kwake, na ndiyo maana nimekuandikia kwa urefu. Na kuna yale yanayozuiwa ambayo hayaonekani: mtu anayeinuka na kutembea kila siku hapati vidonda vya kulalia kirahisi, viungo havimkazi, na hatari ya nimonia na ya damu kuganda miguuni inapungua.

Kulia kwake mlichukulie kwa uzito. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na mgonjwa mwenye sonona hana hamu ya mazoezi. Ndugu humwita mvivu, kumbe anaumwa. Kama hapati usingizi, hali chakula vizuri, hataki kuongea na watu, mwelezeni daktari, inatibika. Kwa upande wangu nimeona wengi wakichangamka siku wanapomudu jambo moja dogo bila kushikwa, kwa hiyo liwepo jambo moja la wiki mbili zijazo, alichague yeye mwenyewe, na mazoezi yaelekezwe huko.

Kama ameandikiwa dawa za presha, asiziache hata siku moja kwa sababu anajisikia nafuu. Mazoezi hayachukui nafasi yake, na kiharusi cha pili mara nyingi huja kwa njia ile ile iliyoleta cha kwanza. Mpimeni presha mara kwa mara na mwandike kwenye daftari mtakalokwenda nalo kliniki. Akiwa katikati ya zoezi akapata kizunguzungu, kifua kikabana au kichwa kikaanza kuuma ghafla kwa nguvu, akae na mtafute msaada. Mdomo ukipinda upya, mkono mwingine ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, msimpe chochote mdomoni, msisubiri asubuhi, mkimbizeni hospitali mkikumbuka saa dalili zilipoanza, daktari ataiuliza.

Jambo moja hukulitaja, nami nalazimika kukuuliza: akinywa maji, anakohoa au sauti inakuwa kama ina maji ndani? Kama ndiyo, huenda chakula au maji yanaingia njia ya hewa. Hilo halisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni kesho akapimwe kumeza, na kabla ya hapo ale na kunywa akiwa amekaa wima, kidogo kidogo, na abaki wima kwa nusu saa baada ya kula.